Uzi wa supu, saladi na chakula cha kawaida cha nyumbani: nini kinaingia kwanza, nini kinasubiri mwisho

mwikomrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Kila siku naona mtu anauliza "niweke kiungo gani supu yangu inoge", majibu yanamiminika weka hiki ongeza kile, mwisho wa siku kabati limejaa vikopo na supu bado ni maji ya moto tu. Msimamo wangu, na ndio sababu ya kufungua uzi huu, ni kwamba chakula cha nyumbani kinanoga kwa mpangilio na muda, yani kitu gani kinaingia lini na moto ukiwa vipi, viungo ni baadaye sana. Mwenye kitunguu, karoti, chumvi, mafuta na limao akijua mpangilio atampita mwenye kabati zima la viungo asiyejua. Naanza na supu maana ndio yenye mengi, afu saladi, afu vyakula vya kushibisha. Ulizeni njiani msisubiri nimalize.

Supu ya mifupa. Mifupa inaanza kwenye maji baridi, sio yaliyochemka. Kipimo changu ni kilo 1 ya mifupa kwa lita 2 za maji hivi, yaifunike tu. Moto wa kati mpaka povu la kijivu lianze kupanda, unaliengua na kijiko pole pole mpaka likome, hapo ndipo unapunguza moto mpaka uone vipovu vinapanda kimoja kimoja pembeni ya sufuria, juu panatikisika kidogo tu. Watu wengi hapa wana haraka wanaacha inatokota kama inafukuzwa. Inapotokota kwa nguvu yale mafuta yanapasuliwa kuwa matone madogo madogo yanachanganyika na maji, povu nalo linasagika humo humo, supu inakuwa na ukungu na inaacha mafuta mdomoni. Ikienda taratibu mafuta yanaelea juu unayaengua, chini inabaki safi.

Na kwa nini masaa? Kwenye mifupa, ngozi na yale maungio kuna kolajeni, ile nyama ngumu nyeupe nyeupe isiyotafunika. Joto la taratibu kwa muda mrefu linaigeuza kuwa jelatini, na jelatini ndiyo inayoipa supu uzito mdomoni bila unga wala krimu. Kuku masaa 3 mpaka 4 yanatosha, mifupa ya ng'ombe 6 kwenda juu. Samaki ni habari nyingine kabisa, dakika 20 mpaka 30 basi, ukizidisha mifupa yake inatoa uchungu. Supu ya mboga tupu nayo haitaki zaidi ya dakika 45. Ukitaka kujua kama supu yako ya mifupa imetoka sawa iweke friji usiku, asubuhi ikiwa imeganda inatikisika ujue jelatini imo. Shingo, miguu na mabawa ya kuku yana jelatini kuliko kidari, kwahiyo vile vipande vya bei ndogo ndio supu inavitaka.

Chumvi kwenye supu ya mifupa usiweke mwanzoni. Itachemka masaa, maji yatapungua, chumvi itabaki yote, na ukija kuipunguza zaidi kwa ajili ya mchuzi inakuwa haiingii mdomoni. Ipe chumvi siku unayoitumia.

Sasa pale penyewe ambapo supu inaharibika au inapona: vitunguu. Chukua sufuria nzito, mafuta vijiko viwili vitatu, kitunguu kilichokatwa vidogo, karoti, na seleri kama unayo, na chumvi kidogo hapo hapo (hii chumvi ni tofauti na ile ya juu, kazi yake ni kuvuta maji ya kitunguu yatoke mapema ili kilainike kabla hakijaungua). Moto wa chini kuelekea wa kati. Afu simama usikilize. Mwanzo utasikia kelele kubwa ya shhhhh, hiyo ni maji ya kitunguu yanatoka yanageuka mvuke. Baada ya dakika nane kumi kelele inashuka, kingo za kitunguu zinaanza kupitisha mwanga, na harufu inabadilika, ile kali inayochoma pua inaondoka inakuja tamu. Usiongeze kitu kabla ya hapo. Hapo sasa ndio kitunguu saumu kinaingia, nusu dakika tu maana kikiungua kinaleta uchungu usiotoka tena, afu nyanya ya kopo kijiko kimoja, unaikandamiza chini ya sufuria na mwiko unaigeuza geuza mpaka itoke wekundu wa kung'aa iwe nyekundu iliyofifia kama tofali na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo ndipo maji au ile supu ya mifupa inaingia. Dakika 15 za kusimama hapo zinaifanyia supu kazi ambayo vikopo vyote vya viungo havitaifanya, na mtu anayemwaga maji juu ya kitunguu kibichi atakula supu yenye ladha ya kitunguu cha kuchemsha hata aweke nini baadaye.

Mboga nazo zinaingia kwa zamu. Karoti na viazi mapema, maboga katikati, kabichi baadaye, njegere mbichi na spinachi dakika mbili tatu za mwisho. Majani ya giligilani, parsley na limao vinaingia moto ukishazimwa. Ukiweka vyote pamoja nusu vimekuwa uji na nusu bado vinagonga meno.

Limao nitalirudia mpaka mchoke. Supu ikionekana imepooza, watu wanakimbilia chumvi. Weka chumvi kidogo, onja, ikikataa kaa chonjo hapo hapo, kamulia limao au siki kijiko cha chai, onja tena. Mara nyingi ilikuwa inataka uchachu sio chumvi.

jikodogo

Mkuu asante kwa uzi ila masaa manne nayatoa wapi mimi, narudi saa moja usiku njaa imeshika, jiko lenyewe la plate mbili. Sisi wa hivyo tunaachwaje?

mwikomrefu

Mkuu wewe ndio nilikuwa nakufikiria, nilitaka tu nianze na mama wa supu zote.

Wa saa moja usiku anatumia dengu nyekundu, zile ndogo zilizokobolewa. Haziloweshwi, zinaoshwa tu mpaka maji yatoke meupe kidogo, na zinaiva na kuvunjika zenyewe kwa dakika 15 mpaka 20. Gramu 250 za dengu kwa lita moja na robo ya maji inalisha watu wanne. Fanya kile kitendo cha vitunguu na karoti, weka bizari ya pilau nzima kijiko cha chai (ikaange kwenye mafuta mpaka inukie, isiwe nyeusi), dengu, maji, chemsha, punguza, engua povu. Zikishavunjika piga piga na mwiko au mchapo, zima, limao, mafuta ya zeituni kidogo juu. Dakika 35 umekaa mezani na kila kitu kimepita sufuria moja.

Na ile supu ya masaa manne ifanye siku uko nyumbani na shughuli zako nyingine, yenyewe haihitaji uisimamie ikishatulia. Igawe kwenye vikopo vya nusu lita uweke freza. Jumatano unatoa kimoja, unatupia tambi na mboga, umemaliza.

Karafuu_Nzima

Naomba kupinga kidogo. Vile vikidonge vya mchuzi vya dukani vina tatizo gani? Nyumbani tumekua navyo, supu inakuwa tamu dakika mbili, unatupa stresi zote hizo. Au ni ushamba wa kujifanya mpishi?

mwikomrefu

Karafuu hakuna ushamba, kikidonge kinafanya kazi na kuna sababu ya kikemia. Mwaka 1908 profesa wa Kijapani Kikunae Ikeda alichunguza mchuzi wa mwani wa kombu akagundua kwamba ile ladha nzito inayojaza mdomo inatokana na glutamate, akaipa jina la umami. Vikidonge vinaibeba hiyo, kwahiyo ulimi haukudanganyi ukisema tamu.

Shida yangu ni mbili. Kwanza chumvi, kidonge kwa sehemu kubwa ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yani kama kijiko kimoja cha chai cha chakula chote cha siku nzima. Ukishatupia vidonge viwili huna tena nafasi ya kuamua chumvi mwenyewe. Pili, kila supu inafanana. Ya kuku, ya uyoga, ya dengu, zote zinaishia mdomo mmoja.

Na glutamate hiyo hiyo iko kwenye vitu vya kawaida: nyanya zilizoiva sana, uyoga (mkavu zaidi), jibini lililokomaa, mchuzi wa soya, na ile nyanya ya kopo niliyosema uikandamize sufuriani. Ganda gumu la jibini la parmesan watu wanalitupa, litupie kwenye supu ya maharage nusu saa afu ulitoe. Kama lazima utumie kidonge tumia nusu na usiongeze chumvi mpaka uonje mwisho, sikugombezi.

mama_wa_watatu

Wanangu nimewasoma. Nataka niongezee la maharage kwa sababu naona vijana siku hizi wana yale majungu ya umeme ya kupika polepole, wanatupia maharage mekundu makavu asubuhi wanaondoka. HAPANA. Maharage mekundu makubwa yana sumu yake ya asili, jamii ya lektini, na moto wa chini usiofika kuchemka hauivunji. Mtu anaweza kutapika na kuharisha vibaya ndani ya masaa machache kwa maharage machache tu yasiyoiva. Loweka masaa matano au zaidi, usiku kucha ndio vizuri, mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika 30 ndio upunguze moto au uyahamishie kwenye hilo jungu. Ya kopo yameshapikwa hayana shida.

Na nyanya na limao msiweke mwanzoni kwenye maharage, uchachu unayafanya yagome kulainika mnapika mpaka gesi inaisha. Yalainike kwanza.

mwikomrefu

Shikamoo mama. Hii naomba kila mtu aisome mara mbili, nimenyamaza.

jikodogo

Shikamoo mama. Na magadi au soda ya kupikia je? Mimi naweka yaive haraka.

mama_wa_watatu

Marahabani. Soda inayalainisha kweli lakini ukizidisha yanakuwa mate mate na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inapotea. Ukiloweka na chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea maganda yanalainika vizuri tu, hutahitaji soda.

mwikomrefu

Haya tuingie saladi. Najua kuna watu wakisikia saladi wanaona adhabu ya daktari, na ukiangalia wanachokula unawaelewa, majani yanachuruzika maji, nyanya baridi ya friji, hakuna chumvi.

Kitu cha kwanza ni maji. Majani yaoshwe kwenye beseni la maji mengi, yainuliwe juu mchanga ubaki chini (ukimimina pamoja mchanga unarudi kwenye majani), afu YAKAUSHWE. Kitambaa safi, yakunje ndani, tikisa. Mafuta na maji havikai pamoja, jani lenye maji linaiteremsha dresingi yote chini ya bakuli, ndio maana unakula majani makavu afu unakuta dimbwi mwisho.

Dresingi: vijiko 3 vya mafuta kwa 1 cha siki au limao. Anza na siki na chumvi, koroga chumvi iyeyuke, maana kwenye mafuta chumvi haiyeyuki, itabaki inasaga meno. Weka haradali nusu kijiko cha chai, hiyo ndio inashika mafuta na siki visiachane, afu mafuta kidogo kidogo ukiendelea kukoroga mpaka uone imekuwa nzito na imepauka. Kama una kichupa chenye kifuniko tia vyote utikise sekunde 20. Onja kwa kuchovya jani, usionje na kijiko. Ukiionja peke yake utaiona kali ukapunguza uchachu, afu kwenye majani ikapotea.

Dresingi inaingia dakika ya kula. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye jani, ndani ya robo saa letusi imelala. Kwa kabichi hilo hilo tunalitaka: kata nyembamba, nyunyiza chumvi, kanda na mikono mpaka ilegee, acha dakika 15, kamua maji, ndio uweke limao na mafuta. Inabaki inakatika meno lakini haigombani na wewe, na inakaa friji mpaka kesho bila kuharibika.

Mafuta msiyaogope. Rangi za karoti, spinachi na nyanya zinabeba karotenoidi ambazo mwili unazichukua vizuri zaidi pakiwa na mafuta, saladi isiyo na mafuta kabisa unajinyima mwenyewe. Na limao juu ya dengu au maharage vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo humo, kwahiyo ile saladi ya dengu na limao sio ladha tu.

Ambayo mimi naila kama mlo kamili: dengu za kijani au kahawia (hizi hazivunjiki, dakika 25 mpaka 30), zichujwe zikiwa bado za moto na dresingi imwagiwe HAPO HAPO zinavyotoa mvuke. Za moto zinanyonya, za baridi dresingi inakaa nje tu. Viazi vya saladi ni hivyo hivyo, siki iingie vikiwa bado vya moto. Zikipoa tia tango, nyanya, kitunguu chekundu, majani mengi ya giligilani au parsley au mint, jibini la kuvunjika vunjika ukiwa nalo, yai la kuchemsha. Umeshiba mpaka jioni.

tone_la_siki

Kaka hapo kwenye kitunguu kibichi, mimi nakipenda ila kinanikaa mdomoni siku nzima ofisini na watu wananikimbia 😅 nifanyeje

mwikomrefu

Kikate chembamba, kiloweke kwenye maji ya baridi dakika kumi, mwaga, kikaushe. Ile kali inatengenezwa kisu kinapopasua kitunguu, na sehemu kubwa inaondoka na maji. Ukitaka kizuri zaidi kiloweke kwenye limao na chumvi badala ya maji, kinalegea na kinageuka rangi ya waridi. Maji ya kuloweka usiyatumie ila limao lake ndio uchachu wa saladi yako tayari.

Karafuu_Nzima

Sawa mkuu nimelainika kama kabichi yako. Lete vya kushibisha sasa, watu wa nyumbani hawataki kusikia supu kila siku.

mwikomrefu

😀 Hapa neno ni UKAVU. Maji yanachemka nyuzi 100 na hayapandi zaidi, na ule ukahawia wenye harufu nzuri kwenye nyama, samaki na mboga unaanza kuja kwa kasi kama nyuzi 140. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza mmenyuko huo mwaka 1912, protini na sukari za chakula zinakutana kwenye joto. Kwahiyo kama juu ya nyama yako kuna maji, joto lote linatumika kukausha maji kwanza, nyama inachemka, inakuwa ya kijivu. Kausha na karatasi ya jikoni au kitambaa kabla ya kikaango, na usijaze kikaango, vipande vikibanana mvuke unakosa pa kutokea.

Samaki wa ngozi. Kausha ngozi mpaka kidole kipite bila kuteleza, chumvi, kikaango cha moto, mafuta, ngozi chini. Mkandamize na mwiko bapa sekunde kumi za mwanzo maana ngozi inajikunja. Afu muache. Atakuwa ameng'ang'ania chini na mkono utawasha kumgeuza, usimguse, ngozi ikishakauka na kuwa kahawia anajiachia mwenyewe, ukimsukuma kidogo anateleza. Kama bado ameshika bado hajawa tayari. Robo tatu ya muda wote aupitishe upande wa ngozi, utaona nyama inabadilika kutoka kupitisha mwanga kuwa nyeupe ikipanda kutokea chini, ikibaki kidogo juu mgeuze, dakika moja, toa. Limao. Weka na ile saladi ya kabichi umemaliza chakula cha jioni.

Kuku mzima wa oveni. Mpake chumvi usiku, ndani na nje, muweke friji sehemu ya chini kabisa bila kumfunika ngozi ikauke. Kesho yake oveni nyuzi 200, kuku wa kilo moja na nusu atachukua saa 1 na zaidi kidogo, kipimajoto ukikichomeka pale paja linapounganika kisome nyuzi 74. Apumzike robo saa kabla hujamkata, ukimkata wa moto maji yote yanaishia ubaoni. Na mifupa yake, mnajua inakoenda 😀 freza, mpaka ifike kilo.

Mboga za oveni hazina maneno mengi: karoti, koliflawa, hoho, boga, bilinganya, mafuta ya kutosha zing'ae, chumvi, trei kubwa zisigusane, nyuzi 220, dakika 25 mpaka 40 kutegemea ukubwa. Kwenye oveni moto unafanya kazi yenyewe. Zikitoka, limao.

tone_la_siki

Kuku naosha na limao na siki kabla ya chumvi si ndio? Mbona hujasema

mwikomrefu

Sijasema kwa sababu siungi mkono kumuosha kwenye sinki, najua hapa nitachokoza watu. Kuku mbichi anaweza kuwa na salmonela au kampilobakta, bakteria wa kuharisha, na maji ya bomba yanawarusha kwenye sinki, bomba, na bakuli la saladi lililo pembeni. Kinachowaua ni moto ule wa nyuzi 74, maji na limao haviwamalizi.

mama_wa_watatu

Mimi naosha na nitaendelea kuosha, nimelelewa hivyo. Ila namuosha ndani ya beseni maji yametulia, simfungulii bomba, na sinki nalisugua na sabuni na maji ya moto papo hapo kabla sijagusa kingine. Saladi inatengenezwa kwanza inafunikwa inawekwa mbali. Na ubao wa nyama sio ubao wa nyanya, hilo halina mjadala nyumbani kwangu.

mwikomrefu

Mama kama unafuata yote hayo sina neno. Wengi wanaoosha hawasugui sinki, ndio hofu yangu. La ubao nakuunga mkono mia kwa mia.

jikodogo

Nimepika ile ya dengu wakuu, imetoka safi sana, sufuria imebaki nyingi tu. Nimeiacha jikoni imefunikwa ipoe niweke friji asubuhi. Sawa?

mwikomrefu

Hapana mkuu, amka kama hujalala. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanazaliana, na sufuria nzito iliyofunikwa inakaa humo usiku kucha. Lengo ni isizidi masaa 2 nje. Imimine kwenye vyombo bapa viwili vitatu, kina kifupi, inapoa haraka, au zamisha sufuria kwenye beseni la maji ya baridi uwe unakoroga. Ikishapoa kiasi friji hata kama bado ina uvuguvugu kidogo. Wali ndio wa kuwa mkali nao zaidi, kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinavumilia kupikwa, zikiachwa kwenye wali wa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Supu friji siku 3 hivi, ukipasha ichemke kabisa, na pasha kile unachokula tu sio sufuria nzima kila siku.

jikodogo

Nimeamka nimeshaigawa. Asante mkuu.

boga_la_jioni

Nimechelewa kwenye uzi. Supu yangu ya boga na karoti kila mara inatoka kama maji yenye rangi, nafuata yote, chumvi nimezidisha leo pia nimetupia kiazi ivute chumvi wapi. Na nikisaga kwenye blenda kifuniko kiliruka kikaniunguza mkono. Nisaidieni.

mwikomrefu

Pole sana dada, mkono kwanza, maji ya bomba ya kawaida yatiririke juu yake dakika 20, sio barafu wala dawa ya meno.

Blenda na supu ya moto, mvuke unatanuka ndani ghafla ndio unasukuma kifuniko. Usizidishe theluthi moja ya jagi, toa kile kizibo kidogo cha katikati ya kifuniko ufunike tundu na kitambaa kilichokunjwa, anza spidi ya chini kabisa. Au acha ipoe kwanza.

Wepesi: maji yako ni mengi. Boga lenyewe lina maji. Likate, lichome oveni kwanza na mafuta na chumvi mpaka kingo ziwe kahawia, hapo maji yametoka na utamu umebaki, afu maji yaingie yafike tu usawa wa mboga, yasizidi. Unaweza kuongeza baadaye ukisaga, kupunguza ndio kazi. Dengu nyekundu kiganja kimoja humo zinaipa uzito vizuri sana. Kiazi nacho kinaipa uzito ila usikisage sana kwenye blenda, wanga wake unageuka gundi, kiponde na mwiko.

Chumvi: kiazi kinanyonya maji ya chumvi kama kilivyo, hakichagui chumvi peke yake, ukikitoa supu iliyobaki ni ile ile. Dawa ni kuongeza wingi usio na chumvi. Gawa supu nusu, moja freza. Iliyobaki ongeza boga lingine la kuchoma lisilo na chumvi au zile dengu na maji, ichemke dakika 20, onja. Limao weka mwisho na kidogo, pamoja na mtindi kijiko juu ya bakuli, vinapunguza ukali wa chumvi mdomoni ila havitafidia kama hujaongeza boga.

boga_la_jioni

Asante kaka, mkono upo kwenye maji hapa naandika na mmoja. Boga ninalo nusu, nalikata sasa hivi. Oveni nyuzi 220 kama za mboga ulizosema juu?

mwikomrefu

220, vipande vya ukubwa wa sentimita 3, lianze kuangaliwa dakika ya 25. Usitie chumvi safari hii.